Kidole Gumba cha Fundi Saa

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Fundi Saa hakatai, na ukimuuliza leo atakwambia hivyo hivyo kabla hujamaliza swali, maana amegundua kwamba mtu akiwahi kujitukana mwenyewe, wengine wanakosa la kuongeza. Lakini asubuhi yenyewe hakujua. Asubuhi yenyewe alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi, anawaeleza wenzake jinsi simu zilivyoiharibu dunia.

Chumba kilikuwa kimoja, mafundi wawili. Upande wa mlangoni, penye mwanga, alikaa yeye na kabati lake la vioo. Upande wa ndani alikaa Mama Cherehani, mwanamke mpana wa mabega na mchache wa maneno, aliyeshona nguo za watu huku pini zimejaa mdomoni. Pini hizo zilimfaa sana Fundi Saa, kwa kuwa zilimwachia yeye uwanja wote wa kusema. Siku pini zikitoka mdomoni, ujue kuna mtu anakwenda kuumia.

Zamani kabati lile lilikuwa na heshima zake. Watu walikuwa wakisimama nje, wanachungulia saa zilizopangwa mle ndani, halafu wanarekebisha zao mkononi kabla ya kwenda kazini. Mabibi harusi waliletwa pale kuchagua mkanda. Kisha simu zikaja, na kila mtu, hadi muuza karanga, akawa na saa mfukoni isiyotaka mkanda wala kutiwa ufunguo, na ikifa inakwenda kufia kwa fundi mwingine. Fundi Saa akabaki na kazi ya kubadilisha betri za wazee na kukata mikanda ya watoto. Mwishoni, ili mkono uende kinywani, akaanza kubandika plastiki za kulinda vioo vya simu. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa na chuki kubwa zaidi. Alikuwa akisema ameajiriwa kumpaka mafuta mwizi wake.

Ndani ya kabati zilibaki saa ambazo wenyewe hawakuzifuata tena. Alizipa majina. Moja aliiita Bwana Harusi, kwa sababu mwenyewe aliileta akitaka ifanye kazi siku ya ndoa yake. Akaoa, akaachana, akaoa tena, saa bado iko pale inamsubiri. Saa kubwa za ukutani, zile za mbao zenye kengele, hazikuenea kabatini. Hizo alizibeba kwenda nazo nyumbani, akazipanga katika chumba cha nyuma, akisema zinapumzika huko mpaka dunia irudiwe na akili.

Chumba hicho cha nyuma kilikuwa cha mama yake.

Si kwamba mama alikuwa anakaa humo. Mama alikuwa anakaa peke yake katika nyumba yake ya zamani, upande wa pili wa mji, chini ya bati lililokuwa likivuja toka baba mtu alipokuwa hai. Lakini Fundi Saa ndiye kitinda mimba wake, na kila alipokwenda kumwona alimwambia, "Mama, chumba chako kipo, nakitengeneza tengeneza tu." Alilisema kwenye misiba, alilisema kwenye sherehe, aliwaambia majirani wa mama, na majirani wakampa mama hongera kwa kuzaa. Mkewe Fundi, mtu wa kuchukua maneno jinsi yanavyosemwa, alikwenda akanunua kitambaa cha pazia, cha maua ya buluu, akampa Mama Cherehani alishone. Likashonwa. Likakunjwa. Likatundikwa kwenye msumari nyuma ya cherehani, limsubiri mwenye nyumba aseme chumba kiko tayari. Pazia likakaa pale mpaka mkunjo wa juu ukapauka, na Mama Cherehani akaacha kuuliza. Siku moja tu alilipangusa vumbi, akasema kwa pini zake mdomoni kwamba naye sasa ana Bwana Harusi wake.

Fundi Saa alicheka sana siku hiyo. Kucheka hakukuwahi kumshinda.

Mama hakujua kusoma. Dada mtu, aliyekuwa akiishi jirani naye, ndiye aliyemnunulia simu na kumfundisha kubonyeza alama ya kipaza sauti, kushikilia, kusema, na kuachia. Mama akaipenda kazi hiyo kuliko walivyotarajia. Akawa anatuma ujumbe wa sauti kama mtu anayehutubia baraza. Kwanza salamu, na salamu zenyewe zinamzungukia kila mtu wa nyumba kwa jina lake. Kisha kuku. Kisha bati. Kisha mgongo. Kisha mtoto wa jirani aliyeoa bila kuaga. Jambo lenyewe, kama lipo, linakuja mwishoni kabisa, wakati msikilizaji amekwisha kulala.

Na dada alimfundisha pia zile alama ndogo za kujibu, ili watu wakimjibu bila kusema asipotee. Alimwambia, moyo maana yake nakupenda. Uso wenye machozi maana yake pole. Kidole gumba kilichosimama maana yake sawa, nimekubali. Mama alizishika alama zile barabara kuliko watoto wake. Kwao zilikuwa mapambo, lakini mama alizichukua kuwa ni maneno kamili, kwa vile ndiyo maandishi pekee aliyowahi kuyasoma maishani.

Sasa, fundi wa saa akiwa kazini hana mkono. Mkono mmoja umeshika kibano, mwingine umeshika saa iliyo wazi, na akipumua vibaya msumari mdogo kuliko chawa unaruka na hauonekani tena. Kwa hiyo Fundi Saa alikuwa na utaratibu wake. Simu aliilaza mezani. Ujumbe wa mama ukiingia, anaugonga kwa kifundo cha kidole chake cha mwisho, kile ambacho hakina kazi, anachagua gumba, anapeleka. Kibano hakitikisiki. Alijivunia utaratibu huo. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba yeye humjibu mama yake kwa kidole kidogo akapokea kidole kikubwa, na kama hiyo si baraka ya teknolojia basi hajui baraka ni nini.

Na jioni, kazi ikipungua, alikuwa na mchezo mwingine. Simu yake ilikuwa na kitufe cha kuharakisha sauti. Aliziharakisha salamu za mama mpaka zikawa kama mlio wa kifaranga aliyeibiwa mbawa, na kikao chote kikavunjika mbavu. "Msikilizeni mama yangu anavyowahi treni," alisema. Mama Cherehani peke yake hakucheka. Alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, mpaka kelele ikaifunika ile sauti.

Basi asubuhi ile mada ilikuwa simu, kama kawaida. Aliyekuwa upande wa simu alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuja karibu kila siku na saa yake ya ufunguo akitaka isafishwe. Saa haikuwa na tatizo lolote, na Fundi Saa alijua hivyo. Mzee alikuwa akitafuta mtu wa kuongea naye, na kusafishiwa saa ni njia ya heshima ya kuomba kikao. Mwalimu alisema watu waache kuisingizia simu. Binti yake yuko mbali, ng'ambo huko, na mjukuu amezaliwa huko huko. Kama si simu asingemjua. Jana tu amemwona ana kwa ana kwenye kioo, amemfungulia mdomo, ameonyeshwa jino la kwanza.

"Umeliona jino, Mwalimu," Fundi Saa akasema bila kuinua kichwa. "Limekuuma?"

Vijana wawili waliokuwa wakingoja plastiki za simu wakacheka. Fundi Saa akaona soko limekubali, akaongeza mzigo. Alisema mtoto yule akija kukua atajua babu ni kitu kinachokaa ndani ya kioo na kuzimwa chaji ikiisha. Alisema zamani ukimkumbuka mtu unafunga safari, unafika umechoka, na ule uchovu wenyewe ndio salamu. Siku hizi mtu anakukumbuka akiwa chooni. Vijana wakashika matumbo. Mwalimu naye alitabasamu, lakini aliishusha mikono mapajani na akawa anaiangalia.

Hapo ndipo simu iliyolala mezani ikatetemeka. Ujumbe wa mama, mrefu kama kawaida. Fundi Saa alikuwa na saa ya kike mkononi, ndogo, utumbo wake wote uko nje. Kifundo cha kidole cha mwisho kikatoka, kikagonga, gumba likaenda. Kibano hakikutikisika.

Mama Cherehani akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha mkononi.

"Mama kasema nini?"

"Salamu."

"Umesikiliza?"

"Jirani, mama yangu namjua. Kuku, bati, mgongo, Mungu akulinde. Nimemsikiliza toka nazaliwa, nikikosa kipindi kimoja sitafeli mtihani." Akageuza saa kwenye mwanga. "Sasa nilikuwa nasemaje? Ndiyo. Watu hawasikilizani tena."

Mama Cherehani akazirudisha pini zake mdomoni.

Siku zilizofuata simu ya mama ilinyamaza. Fundi Saa aliona kimya kile, hawezi kusema hakukiona. Alidhani mama ameishiwa bando, na moyoni akaona afadhali, kazi zilikuwa nyingi. Kundi la familia nalo lilikuwa likijaa ujumbe, lakini kundi hilo alikuwa amelizima sauti tangu siku kaka mkubwa alipoanza kutuma mawaidha ya kila asubuhi.

Kisha ikawa Jumamosi, na dada akapiga. Hakutuma ujumbe. Alipiga, na mtu wa familia ile akipiga watu hukaa vizuri. Fundi Saa akaiweka simu kwenye spika kwa sababu mikono haikuwepo.

Dada aliuliza kama anakuja kumuaga mama, ama wamwambie kazi zimembana.

Fundi Saa akauliza mama anakwenda wapi, matembezini, ama amepata mchumba. Mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi, akacheka kidogo. Dada hakucheka. Alisema gari linapakia toka asubuhi. Alisema kaka mkubwa amekuja mwenyewe kumchukua, kitanda kimeshatolewa nje, kuku wameshagawiwa majirani. Halafu akasema kitu ambacho Fundi Saa alikisikia lakini hakikuingia: alimshukuru. Alisema wote walikuwa wanaogopa atawazungusha na utani wake, ila safari hii amewarahisishia, amejibu siku ile ile.

"Nimejibu nini?"

"Mama alikuuliza, ukaweka gumba. Usinichoshe, mdogo wangu, nina vyombo vya kufunga." Akakata.

Kibano kiliwekwa mezani, na mkono ulioachwa huru haukujua pa kwenda. Fundi Saa akaivuta simu, akautafuta ujumbe ule, akaubonyeza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kifaranga. Kitufe cha kuharakisha kilikuwa bado kimewashwa toka michezo ya jioni, na mama yake akatoka pale mezani akiwa mwembamba, ana kasi, analia lia kama mdoli aliyekanyagwa. Mwalimu wa watu, kwa mazoea, akaanza kucheka. Salamu zikapita, kuku wakapita, bati likapita. Halafu katika ule mlio yakaanza kusikika maneno ambayo hayakuwa ya kuku, na Mwalimu akaufunga mdomo wake katikati ya kicheko. Fundi Saa alijaribu kuipunguza kasi. Vidole vilivyozoea kushika msumari mdogo kuliko chawa vilikosa kitufe mara moja, mara mbili. Ikabidi Mama Cherehani ainuke, avuke chumba, aichukue simu kutoka mkononi mwake, arudishe sauti nyuma na kuitengeneza. Hakuirudisha mwanzo. Alirudisha pale penyewe.

Mama akasema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache:

"Mwanangu, kaka yako anasema tangu nilipoanguka bafuni mimi si mtu wa kuachwa peke yangu. Ni kweli. Anataka anichukue kwake. Ni mbali, na mkewe unamjua, hatujawahi kukaa jiko moja bila mmoja wetu kulia. Sikatai, lakini wewe ulisema una chumba. Kama kile chumba bado kipo, nataka kuja kwako. Niambie kwa mdomo wako, nisikie sauti. Na kama haiwezekani, mwanangu, usihangaike kutafuta maneno, wala usinichekeshe. Weka tu kile kidole, nitajua umekubali niende kwa kaka yako. Sitakasirika. Mungu akulinde."

Kilichosikika baada ya hapo ni ule mlio mdogo wa ujumbe kufika mwisho.

Mwalimu aliichukua saa yake mezani, ingawa haikuwa imeguswa, akaivaa. Mama Cherehani alikwenda kwenye msumari, akalitungua pazia, akalikung'uta mara moja, na akamwekea Fundi Saa mapajani.

Fundi Saa akatoka mbio na pazia kwapani. Akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, na njiani akampigia mkewe: atoe zile saa, afagie, atandike, mama anakuja. Mkewe alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla ya kuulizwa. Alisema azitoe azipeleke wapi. Alisema mara ya mwisho alipogusa moja tu ya zile saa nyumba nzima ilikosa usingizi kwa makelele. Alisema chumba kile hata mlango haufunguki mpaka mwisho, na kama kweli alitaka mama aje, basi miaka yote hii alikuwa anasubiri nani akihame, saa? Fundi Saa akamjibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya.

Barabara siku ile ilikuwa nyeupe, hakuna foleni, na mwendesha pikipiki alikuwa kijana wa kasi. Fundi Saa akamgusa bega, akamwambia apunguze, wasije wakauana. Kijana akapunguza. Hewa ikawa nzuri usoni. Ndipo Fundi Saa alipojisikia mwenyewe. Alikuwa anakwenda kumzuia mama yake asiondoke, na ametoka kumwomba mtu aende polepole. Chini kabisa ya mbio zote zile, chini ya pazia na jasho, kulikuwa na kitu kidogo kimekaa kimetulia, kinasema huenda ukifika gari litakuwa limeshaondoka, na hapo hakuna atakayekulaumu. Alikitambua. Kilikuwa pale muda mrefu. Kilikuwa pale kila aliposema natengeneza tengeneza tu.

Akamgusa tena kijana bega, akamwambia aongeze mwendo, lakini alijua mwendo huo ni wa kukimbia lawama, si wa kumwahi mama.

Gari lilikuwa halijaondoka. Lilikuwa limepaki nje ya nyumba ya mama, nyuma kumejaa: kitanda kimesimamishwa ubavu, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria ndani ya beseni, beseni ndani ya kapu. Kaka mkubwa alikuwa anakaza turubai. Majirani wamesimama kwa upole wa watu waliokwisha kuaga na bado hawajui kama waondoke. Dada alikuwa anafuta kiti cha mbele kwa kitambaa. Na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa nguo yake ya safari, simu imelala mapajani, mikono juu yake kana kwamba ni kuku wa mwisho ambaye hajagawiwa.

Fundi Saa alianza kusema kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki. Alisema gari lishushwe mizigo. Alisema kumetokea kosa, mama haendi popote, mama anakwenda kwake. Alimweleza mama, na dada, na kaka, na majirani ambao hawakuuliza, kwamba lile gumba halikuwa jibu. Alikuwa kazini, mikono imejaa, ujumbe umeingia, kidole kimegonga chenyewe kama kilivyozoea. Hata hakuwa amesikiliza. Hapo mama aliinua macho, na Fundi Saa akaona amejikwaa, lakini ulimi ulishashika mteremko. Akasema si yeye, ni simu hizi. Alisema amekuwa akilisema jambo hili kila siku na hakuna anayemsikiliza: vitu hivi vimewafanya watu kuwa mashine, mtu anajibu bila kujua anajibu nini, mama mzazi anaulizia maisha yake anapewa picha ya kidole. Zamani mama angemwita, angekuja, wangekaa, wangeongea uso kwa uso. Nani kaleta mambo haya ya kuulizana mambo makubwa kwenye simu?

Dada aliacha kufuta kiti. Alisema mama alimwita. Alimwita tangu kabla ya kuanguka, na baada ya kuanguka, na kila mara alisema anakuja Jumapili. Mama alimuuliza kwenye simu kwa sababu ndiko alikokuwa anapatikana.

Kaka mkubwa hakuwa mtu wa maneno, na mawaidha yake ya asubuhi alikuwa akiyanakili kwa wengine. Alifunga fundo la kamba, akalivuta kuona kama limeshika. "Mimi mizigo naweza kushusha," akasema. "Niambie tu tunaipeleka wapi."

Majirani wote wakageuka kumtazama kitinda mimba. Naye akalichomoa pazia kwapani, akalikunjua pale pale mbele ya watu, maua ya buluu yakashuka mpaka chini. Alisema wanaona, pazia liko tayari, limeshonwa kwa ajili ya chumba cha mama, si la jana wala juzi. Na kweli halikuwa la jana wala juzi. Ule mkunjo wa juu ulikuwa umepauka mstari mweupe, na kila mwanamke aliyesimama pale aliuona na kujua maana yake. Mama alinyoosha mkono. Akaushika upindo wa chini, akaupitisha katikati ya vidole jinsi wanavyofanya watu wanaojua kushona, polepole, mpaka mwisho.

"Limeshonwa vizuri," akasema. "Na kitanda?"

Fundi Saa alifungua mdomo. Angeweza kusema ukweli hapo. Ulikuwa mfupi na ulikuwa karibu. Ukatoka utani, kwa sababu utani ndio uliokuwa mbele ya foleni. "Mama, kitanda kitu gani? Chumba kile kina saa za ukutani kila upande. Hutachelewa popote."

Jirani mmoja akacheka. Wa pili akafuata, akajizuia. Mwendesha pikipiki, ambaye alikuwa bado anangoja, akacheka kwa nguvu, maskini, hakujua. Fundi Saa naye akatabasamu akimwangalia mama, kama alivyokuwa akimwangalia toka utoto, akingoja ule mdomo uanze kucheza pembeni, ndipo ajue mambo yamekwisha na amesamehewa. Mdomo haukucheza. Mama alilikunja lile pazia, pembe kwa pembe, akalilaza juu ya mapaja ya mwanawe aliyekuwa sasa amechuchumaa mbele yake. Akaiweka simu ndani ya mkoba. Akanyanyuka kidogo kidogo, akishika mlango.

Fundi Saa akamwambia, sauti imeshuka, kwamba hilo gumba angelifuta. Kuna namna ya kufuta. Dada anajua, wafute tu, iwe kama halikutumwa.

"Usilifute," mama akasema. "Mdomo wako umenialika miaka yote na kitanda hakijawekwa. Hicho kidole nimekiuliza mara moja tu, kikanijibu kweli. Sasa nipe huo mkono wake, nipande gari."